Kabla Hujanunua Darubini

Mjukuu wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema vitunguu vimelipa, madeni umemaliza, na kilichobaki unataka kununulia darubini uitazame anga kutoka uani kwenu hapo Nduguti. Nimefurahi mno. Katika miaka yangu ya kufundisha jiografia nilichora jua na sayari zake ubaoni kwa chaki, watoto wakanakili, wakafaulu mtihani, na wengi wao leo wana wajukuu bila kuwahi kuziona pete za Zohali, ingawa Zohali yenyewe inapita juu ya mapaa yao kila mwaka. Wewe umeamua kuona. Kwa hiyo nitakuandikia kwa kirefu, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamtumia mtu yeyote fedha.

Neno langu kuu nalitanguliza: chombo chako kichaguliwe na mahali ulipo. Ushauri mwingi kuhusu darubini umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya wenzao. Ukiubeba kama ulivyo ukauleta wilayani kwetu Mkalama, sehemu yake itakutia hasara.

Nduguti iko takribani nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na hilo peke yake ni utajiri. Mtu wa London hauoni Msalaba wa Kusini akiwa kwao, hata akeshe mwaka mzima. Mtu wa Cape Town naye hampati Dubu Mkubwa mzima, maana nyota nyingine za kundi hilo hazichomozi kabisa kwake. Wewe, mwezi wa Aprili au Mei, saa tatu usiku, ukigeukia kaskazini unamwona Dubu Mkubwa, ukigeukia kusini unauona Msalaba, na hujainuka kwenye kigoda. Karibu nyota zote zinazoonekana kutoka duniani hupita juu ya wilaya yetu ndani ya mwaka mmoja. Sayari nazo hupanda juu sana kwetu, mahali ambapo nuru yake haipiti katika hewa nyingi, na picha hutulia. Wenzetu wa Ulaya kuna miaka wanaitazama Mshtarii ikiwa imeng'ang'ania upeo wa macho, inatetemeka, inachafuka.

Halafu kuna giza. Taa zimeongezeka tangu Mkalama igawanywe kutoka Iramba mwaka 2012 na Nduguti ikawa makao makuu, lakini ukitoka kidogo tu nje ya mji, ukielekea upande wa bonde la Eyasi, mbingu bado ni nyeusi kabisa na Njia ya Maziwa inaonekana imetanda toka upeo hadi upeo. Ndugu zetu Wahadzabe huicheza ngoma yao ya epeme usiku usio na mwezi, gizani bila moto. Wanajua giza lina kazi yake. Katika nchi zenye miji mikubwa watu husafiri mbali na kulipa fedha ili wapate usiku kama huo ulio nao mlangoni.

Sasa, usinunue mwezi huu. Kaa kwanza na macho yako. Tandika mkeka uani, lala chali, zima simu, na upe usiku nafasi ya kukufungua mboni: inachukua kama nusu saa jicho kuzoea giza, na dakika moja ya kutazama kioo cha simu inaharibu yote. Zijue kwanza nyota kwa majina na kwa nyendo zake. Kilimia, kile kishada kidogo, Novemba huchomoza mashariki wakati jua linazama, siku ambazo kila mtu anatazama mawingu akisubiri mvua ya kwanza. Ikifika Mei kinapotelea magharibi katika mwanga wa machweo. Jabari ana zile nyota tatu zilizopangana mstari. Nge ana mkia uliopinda, na Juni hadi Agosti hupita juu sana angani. Suheli inang'aa kusini; mabaharia wa pwani waliifuata. Kama simu yako inaruhusu, weka programu ya Stellarium, na itakuonyesha kila nyota uliyoielekea. Lakini itumie kama unavyotumia kamusi: fungua, tazama, funga. Mtu asiyejua anga akipewa darubini huishia kutazama mwezi siku tatu, kisha chombo kinakuwa pambo la sebuleni.

Ukiona akiba yako ni ndogo, nunua darubini ya macho mawili na uridhike. Tafuta iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara inayokuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Ukiegemea ukuta ili mikono isitetemeke, hiyo itakuonyesha Kilimia kikiwa na nyota kadhaa wa kadhaa badala ya zile sita au saba za macho matupu, itakuonyesha milima ya mwezi, na mchana utaitumia kutazama ndege na hata ng'ombe waliopotelea mbugani. Nasema hivi kwa sababu darubini kubwa mbovu ni hasara tupu, na darubini nzuri ya macho mawili hutajuta kuwa nayo hata siku utakapokuwa na chombo kikubwa.

Lakini kama fedha inatosha, twende dukani.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni boksi lenye picha za sayari za rangi zote na maandishi makubwa: INAKUZA MARA 525. Liache. Hakuna Mnyiramba anayenunua ng'ombe mnadani kwa kupima urefu wa pembe, na ukuzaji ndio pembe za darubini. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya tu: chukua urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali kutoka kioo au lenzi yake hadi nuru inapokutana, gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, yaani ile ndogo unayochungulia. Milimita 650 ukigawanya kwa 25 unapata mara 26. Badilisha lenzi ya jicho, weka ya milimita 10, unapata mara 65. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kukuza atakavyo kwa kubadilisha kilenzi. Swali ni kama nuru inatosha na picha inabaki safi. Kanuni ya watazamaji wa siku nyingi ni kwamba usizidi mara mbili ya upana wa chombo kwa milimita. Darubini ya milimita 60 inaishia kwenye mara 120 siku hewa ikiwa tulivu kabisa. Hiyo 525 ya kwenye boksi itakupa doa la ukungu linalotetemeka.

Uliza upana. Swali la kwanza, na la pili, na la tatu. Mboni ya kijana kama wewe gizani hufunguka mpaka kama milimita 7. Kioo cha milimita 130 ni kipana kuliko hiyo karibu mara 19, na kwa kuwa nuru inaingia kwa eneo, zidisha 19 kwa 19: unakusanya nuru zaidi ya mara 340 kuliko jicho tupu. Ndiyo maana nyota ambayo haipo kwako inatokea. Darubini ya milimita 70 inakusanya chini ya theluthi moja ya ile ya 130. Tofauti hiyo kubwa unailipia fedha kidogo ukichagua ya kioo badala ya ya lenzi.

Maana zipo za aina mbili kubwa. Ya lenzi ndiyo ule mtungi mrefu mwembamba aliouelekeza Galileo mbinguni. Ya kioo aliitengeneza Isaac Newton mwaka 1668: nuru inashuka hadi kwenye kioo kilichopinda chini ya mtungi, inarudishwa juu, inapigwa na kioo kidogo, inatokea ubavuni unapochungulia. Lenzi nzuri haihitaji matunzo mengi, lakini upana wake ni ghali. Kioo kinakupa upana mkubwa kwa fedha hiyo hiyo. Kwako wewe nasema kioo, milimita 130 au 150. Ya 200 inapendeza sana na inaonyesha zaidi, ila ni mzigo wa watu wawili, na chombo kizito mtu akitoka shamba amechoka hakitoi nje.

Hapa sasa ndipo mahali petu panapoanza kusema. Darubini nyingi za bei ya kati huuzwa na stendi ya miguu mitatu yenye mhimili ulioinamishwa na uzito wa kusawazisha unaoning'inia upande wa pili. Inapendeza macho, inaonekana ya kitaalamu. Stendi hiyo hufanya kazi kwa kuelekeza mhimili wake kwenye ncha ya anga, na mhimili lazima uinamishwe kwa nyuzi zile zile za latitudo ya mahali. London ni nyuzi 51, mhimili umesimama vizuri. Nduguti ni nyuzi 4. Mhimili unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi, na stendi nyingi za bei ndogo hazishuki hivyo; zikilazimishwa, ule uzito unagonga mguu wa stendi na chombo kinataka kuanguka. Isitoshe, nyota ya kaskazini wanayoitumia wenzetu kulengea haichomozi kwetu, na ncha ya kusini haina nyota angavu, tena iko nyuzi 4 tu juu ya upeo, nyuma ya vilima na miti ya jirani. Muuzaji wa mbali hatakuambia hayo kwa sababu hayamsumbui. Wewe achana nayo.

Chukua ile inayokaa juu ya kisanduku cha mbao: inazunguka kushoto na kulia, inapanda na kushuka, basi. Inaitwa ya Dobson, kwa jina la John Dobson, mtawa wa zamani wa San Francisco ambaye kuanzia miaka ya 1960 alitengeneza darubini kubwa kwa plaiwudi na maboksi magumu, kisha akazisimamisha njiani ili mpita njia yeyote achungulie bure. Mtu huyo namheshimu sana. Aliona kwamba kinachomzuia maskini kuitazama mbingu ni stendi ya chuma kuliko kioo, akaiondoa. Kisanduku kikichakaa, fundi seremala wa hapo Nduguti atakuchongea kingine kwa siku moja, na hilo huwezi kusema kuhusu stendi ya gia na skrubu za nchi za mbali.

Zile za milimita 130 na 150 za aina hii mara nyingi ni fupi, zinatakiwa ziwekwe juu ya meza. Usizitie kwenye meza ya plastiki. Jenga uani nguzo fupi ya tofali za kuchoma, kimo cha kiuno, juu isakafie kwa saruji iwe bapa. Upepo wa Singida unaujua. Ndio huo huo unaoangusha mabati. Nguzo hiyo haitatikisika, na ukiijenga upande wa nyumba unaokinga upepo, utashukuru.

Bado mambo mawili ya dukani. Angalia mdomo wa kuingizia lenzi ya jicho: uwe wa inchi moja na robo, ndio unaokubali lenzi za jicho zinazopatikana duniani kote. Ule mwembamba, chini ya inchi moja, ni wa zamani na kilenzi chake kikipotea huna pa kupata. Pili, jihadhari na mtungi mfupi unaodai fokasi ndefu. Ukiona kioo cha milimita 127, fokasi milimita 1000, na mtungi wenyewe haufiki hata sentimita 60, ujue kuna lenzi ya ziada imefichwa ndani kurefusha fokasi, na kwa bei hizi mara nyingi inaharibu picha na kufanya vioo kuwa vigumu kunyoosha. Zenye injini na kompyuta ya kutafuta nyota zenyewe usizitake kwa sasa. Fedha inakwenda kwenye injini, kioo kinabaki kidogo, na betri zikiisha umekwama.

Ikinunuliwa Dar es Salaam au Nairobi, au ikiletwa na ndugu aliyeko nje, isafiri nawe ndani ya basi, mapajani au kwenye kiti. Isiwekwe kwenye buti chini ya magunia.

Kuhusu kuitunza, adui zako ni wanne: vumbi, mchwa, kuvu, na mkono wenye upendo. Vumbi la kiangazi lizuie kwa kufunika mtungi pande zote kila unapomaliza. Mchwa watakula kisanduku cha mbao kama umekiacha sakafuni, kwa hiyo kiweke juu ya tofali. Kuvu huja masika, ikiwa umefunika chombo kikiwa kimelowa umande. Kiache kikauke chumbani kwanza. Na mkono wenye upendo ni ule unaoona vumbi kidogo kwenye kioo ukachukua kona ya kanga kufuta. Usifute kamwe. Utando wa aluminiamu unaorudisha nuru ni mwembamba kuliko unavyoweza kuwaza, na punje moja ya mchanga chini ya kanga inauchora mistari ya kudumu. Vumbi dogo halizuii kitu. Pulizia hewa kwa kipira cha mkono, uache.

Siku ya kwanza anza mchana. Juu ya mtungi kuna kilengeo kidogo, aghalabu chenye nukta nyekundu. Geukia mbali na jua, tafuta mnara wa simu ulioko mbali, uweke katikati ya darubini kwa lenzi ya milimita 25, kisha geuza skrubu za kilengeo mpaka nukta nayo ikae juu ya mnara. Usiporuka hatua hiyo, usiku utaipata sayari mara moja. Ukiiruka, utazunguka angani hadi usingizi ukushike. Mnara utauona kichwa chini miguu juu. Ndivyo darubini ya kioo ilivyo, na nyota hazina juu wala chini.

Jioni itoe nje nusu saa kabla. Chumba chenye paa la bati hukaa na joto la mchana, na kioo cha moto huchemsha hewa ndani ya mtungi. Kwa sababu hiyo hiyo usitazame sayari iliyo juu tu ya paa la jirani, maana bati linapumua joto mpaka usiku mwingi. Kwa mwanga wa kuandikia, funga tochi kwa kitambaa chekundu. Rangi hiyo haiharibu sana macho yaliyozoea giza. Anza daima na lenzi ya ukuzaji mdogo, weka unachokitaka katikati, ndipo ubadilishe. Ukishagusa, ondoa mkono, subiri mtikisiko uishe.

Na kuna ugumu mmoja wa kwetu ambao watu wa latitudo za juu hawaujui sana: vitu vizuri vinapita utosini, na darubini ya kisanduku haipendi utosi, kwa kuwa ikisimama wima kuizungusha kushoto na kulia hakuisogezi popote. Zohali miaka hii inapita karibu kabisa na utosi wetu. Itazame mapema ikiwa bado mashariki, imepanda kama nusu ya njia, au isubiri ishuke magharibi.

Mwezi uwe wa kwanza, lakini usiwe mpevu. Watu hukimbilia mbalamwezi, wakapata sahani nyeupe inayoumiza macho. Subiri mwezi wa siku sita au saba, nusu. Tazama mpaka kati ya nuru na giza, pale jua linapochomoza kwenye mwezi wenyewe: vivuli vya milima ni virefu, mashimo yamejaa kiza, na vilele vingine vinang'aa peke yake upande wa usiku kwa kuwa jua limevigusa kabla ya bonde. Kaa hapo saa nzima. Kila jioni mpaka huo unasogea na nchi mpya inatokea.

Kisha Mshtarii. Usiku wa tarehe 7 Januari 1610, huko Padua, Galileo aliona vinyota vitatu kando yake vimepangana mstari, na siku chache baadaye vikawa vinne. Alichora. Kila usiku vilikuwa vimebadilisha nafasi, kimoja hiki upande huu, kesho upande ule, na vyote vikisafiri pamoja na Mshtarii. Hapo ndipo binadamu alipopata ushahidi kwamba si kila kitu mbinguni kinaizunguka dunia. Chombo chake kilikuza kama mara 20, na lenzi yake ilikuwa dhaifu kuliko kioo utakachonunua wewe. Alichokuwa nacho ni daftari na kurudi kila usiku. Basi nawe nunua daftari la kaunta, chora duara dogo la Mshtarii na nukta za miezi yake minne, andika tarehe na saa. Io, ulio wa ndani kabisa kati ya hiyo minne, huizunguka Mshtarii kwa muda usiofika siku mbili, hivyo hata ukianza saa mbili usiku na ukarudi saa saba, mchoro wa pili hautafanana na wa kwanza. Siku utakapoweza kutabiri upande utakaotokea, umekuwa mtazamaji.

Pete za Zohali zinaonekana hata kwa kukuza mara 30, na kwa mara 65 zinasimama wazi zimeachana na sayari. Mwaka 2025 zilitugeukia ubavu zikawa nyembamba mno. Sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 2030, kwa hiyo umeamka wakati mzuri.

Mbali na sayari, usitarajie rangi za kwenye picha. Wingu la Jabari, chini ya zile nyota tatu, utaliona la kijivu lenye ukijani kwa mbali. Kamera hukusanya nuru kwa saa nyingi, jicho haliwezi. Lakini tazama Alfa Sentauri, ile angavu zaidi kati ya mbili zinazouelekea Msalaba: kwa macho ni moja, kwa darubini ni mbili zinazozungukana, na nuru yake imesafiri miaka 4 na miezi kadhaa kukufikia. Mei, juu kidogo ya hapo, tafuta Omega Sentauri. Kwa macho ni nyota yenye ukungu. Kwa milimita 150 ni rundo la nyota zisizohesabika, umbali wa takribani miaka ya nuru 17,000, na watazamaji wengi wa Ulaya hufa bila kuiona. Kwako iko juu ya shamba lako la alizeti, nusu ya njia kutoka upeo hadi utosi. Kwa Wingu Kubwa la Magellan unahitaji kusini palipo wazi pasipo miti, Desemba na Januari, katika zile nafasi za baada ya mvua ambapo hewa imeoshwa. Usidharau masika. Kiangazi kina usiku mwingi usio na mawingu, ila Septemba na Oktoba moshi wa kuchoma mashamba huichafua anga kuliko mawingu.

Sasa jambo ambalo hakuna mwongozo wa kigeni utakaokuambia. Mtu anayesimama peke yake uani usiku wa manane, mkononi ana mtungi mweusi, katika vijiji vyetu atasemwa. Unazijua imani za watu, na unajua watu walivyoumizwa kwa shutuma za uchawi. Usitazame nyota kwa kificho. Kabla ya usiku wa kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ukamweleze, waarifu sungusungu wa zamu, kisha waalike majirani waone mwezi. Mzee aitwe kwanza, apewe kigoda. Usielekeze chombo kwenye nyumba ya mtu hata kwa utani. Watakapokuuliza kuhusu nyota zinazoanguka, waambie habari za kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma la tani nyingi ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kuligusa, na lile jiwe lililoanguka Ivuna Desemba 1938 ambalo wanasayansi wanalichunguza hadi leo.

Wasichana nao wachungulie, tena wasisukumwe nyuma ya mstari. Kenya yuko Susan Murabana, ambaye amezunguka na darubini shuleni miaka mingi kuwaonyesha watoto anga. Hapa kwetu Dkt. Noorali Jiwaji, ambaye amefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ameandika na kueleza mambo ya anga kwa wananchi kwa muda mrefu. Njia ipo, imeshakanyagwa.

Umeme wa vijijini wa REA nauombea ufike kila kaya. Lakini wewe unayejua, mwambie fundi taa ya nje ielekezwe chini na ifunikwe juu, na izimwe watu wakilala. Nuru inayokwenda juu haimwangazii mtu njia, inakula tu nyota, tena unailipia kwenye mita ya LUKU.

La mwisho ni jua, na hapa ninakuamuru, sikushauri. Darubini isielekezwe kwenye jua kamwe, hata sekunde moja, hata likiwa linazama. Inakusanya joto lote kwenye mboni na jicho linapofuka kabla hujasikia maumivu. Kama kwenye boksi kuna kichujio kidogo cha jua cha kufungia kwenye lenzi ya jicho, kitupe chooni siku hiyo hiyo; hupasuka kwa joto wakati jicho liko pale. Mchana mtungi ufunikwe, na mtoto asiachwe nao.

Nasisitiza kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, jua litapatwa. Litafunikwa lote kule Misri na Saudia, na kwetu litamegwa sehemu. Unakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, lilipobaki pete kule Rujewa, Mbarali, na hata huku Singida likamegwa kwa sehemu kubwa. Safari hii shule za Nduguti zijiandae mapema. Zungumza na walimu wakuu tangu sasa, waagize miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, ile yenye alama ya ISO 12312-2. Kwa ambao hawatapata miwani, toboa tundu dogo kwenye kadibodi, mtoto alipe jua mgongo, nuru ipite tunduni ianguke kwenye karatasi nyeupe, na ataliona jua lililomegwa pale kwenye karatasi. Majani ya mwembe hufanya vivyo hivyo: chini ya mti kila tundu la nuru litakuwa mwezi mwandamo. Wapange watoto chini ya miembe ya shule, na mwalimu mmoja kwa kila darasa asimame kuhakikisha hakuna anayeinua macho.